Pasi Imo Mkononi mwa Nani?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), makala ya wiki hii tunayaanza kwa kisa kidogo kilichotufika wenyewe. Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuyaweke kando maudhui tuliyokuwa tumekusudia kuyaandika.

Alasiri moja alitujia mama mmoja, mkaazi wa Kisauni, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi nne zilizoandikwa Kiarabu upande wa kulia na Kiingereza upande wa kushoto. Binti yake, mwanamke wa miaka 26 aliyeachwa na mumewe akiwa na watoto wawili, alikuwa amepata kazi ya nyumbani Saudia. Wakala alikuwa amempa siku mbili awe ametia sahihi. Mama huyu hakusoma Kiingereza, na Kiarabu chake ni kile cha kusomea msahafu. Alilotaka kwetu lilikuwa jambo moja tu: "Wanangu, nisomeeni. Mshahara ni kweli riyali mia tisa?"

Tulimsomea. Mshahara ulikuwa riyali 900 kwa mwezi kama alivyoambiwa. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Chakula, malazi na tiketi vilikuwa juu ya mwajiri. Mama akashusha pumzi, akasema "Alhamdulillahi," akaanza kuzikunja karatasi zake. Hapo ndipo tulipomwomba angoje kidogo, kwani palikuwa na swali jingine ambalo hakuliuliza, na ambalo jawabu lake hatukuliona wazi katika zile karatasi nne. Pasi ya mwanawe itakaa mkononi mwa nani? Na siku atakayotaka kuondoka katika nyumba ile, je, atakuwa na haki ya kuwako katika nchi ile hata kwa siku moja?

Ndugu zetu Waislamu, tunapozungumza juu ya mateso ya wasichana wetu Arabuni, aghalabu huzilaumu roho za watu. Husema fulani alipata bosi mbaya, na fulani alijaaliwa akapata bosi mwema. Twazungumza kana kwamba jambo lenyewe ni bahati nasibu. Roho mbaya na roho njema zipo kila mahali, hapa Mombasa na kwengineko. La kujiuliza ni hili: ni kitu gani kinachompa mwenye roho mbaya uwezo wa kumfanyia mwenzake alitakalo, na kumnyima mdhulumiwa hata mlango wa kutokea?

Mtazameni mfanyakazi wa hoteli huku kwetu, au mchukuzi wa mizigo pale Kilindini. Akinyimwa haki yake, anaweza kuvua vazi la kazi akaenda zake. Atakosa mshahara, na pengine watoto watalala na njaa, lakini hatakuwa amevunja sheria kwa kule kuondoka tu. Atakosa kazi, hatakosa nchi. Sasa mtazameni yule anayefanya kazi ugenini kwa kibali cha muda kilichofungwa kwa mwajiri mmoja. Kwake yeye, kazi, nyumba ya kulala na haki ya kukanyaga ardhi ile ni kitu kimoja, na vyote vitatu vimo katika kiganja cha mtu mmoja. Wazee wetu walisema aliyeshika makali hagombani na aliyeshika mpini. Msichana wetu huenda kule akiwa ameshika makali, na sisi ndio tuliompa.

Katika nchi kadhaa za Ghuba utaratibu huu huitwa kafala. Mwajiri ndiye kafili, yaani mdhamini. Katika Saudia, kwa mfano, mfanyakazi wa nyumbani huingia kwa viza iliyoombwa na mwajiri, kisha mwajiri humtolea ikama, yaani kibali cha kuishi. Wajibu wa kuihuisha ikama hiyo ni wa mwajiri, si wa mfanyakazi. Mwajiri asipoihuisha, kwa usahaulifu au kwa makusudi, anayekuwa mhalifu machoni mwa askari ni yule msichana aliyeko jikoni. Akitaka kurudi kwao kabla ya mkataba kwisha, huhitaji mwajiri amruhusu. Na akiukimbia mlango kwa sababu ya kipigo, au njaa, au jambo baya kuliko hayo, mwajiri anaweza kupeleka taarifa kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Taarifa hiyo, ambayo kule huitwa huruub, inaweza kumgeuza kuwa mtu asiye na haki ya kuwako, mtu wa kukamatwa, kuwekwa kizuizini na kurudishwa kwao.

Ndugu zetu, neno hilo la kutoroka si geni katika pwani hii. Katika karne ya 19, watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa walikwenda kujenga vijiji vyao nyuma ya pwani, kama vile Fuladoyo, na watu wakawaita watoro. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu hapo, na bado mwanamke huru, aliyetia sahihi mkataba kwa mkono wake na kuahidiwa mshahara, akiondoka kazini huitwa mtoro. Mtu huru huacha kazi. Anayetoroka ni yule tu ambaye hana ruhusa ya kuondoka.

Tusidhani kuwa watawala wa nchi hizo hawajafanya lolote. Machi 2021 Saudia ilitangaza marekebisho yaliyowapa wafanyakazi wengi wa kigeni nafasi ya kubadilisha mwajiri na kusafiri bila ya idhini yake, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuwamo. Oktoba 2024 zilianza kutumika kanuni mpya za wafanyakazi wa nyumbani, zenye kuweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki, na kumkataza mwajiri kuzuia pasi ya mfanyakazi. Hizo ni hatua njema na tunazishukuru. Hata hivyo, kanuni ni jambo moja, na yaliyomo nyuma ya mlango uliofungwa ni jambo jingine. Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na zaidi ya wanawake 70 wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani Saudia. Walieleza habari za pasi kuchukuliwa, kazi ya zaidi ya saa 16 kwa siku, mishahara kuzuiwa, na miezi kupita bila ya ruhusa ya kutoka nje. Wizara yetu ya Mambo ya Nje nayo iliwahi kuripoti kuwa Wakenya 89 walifariki katika nchi hiyo kati ya mwaka 2020 na 2021. Kila mmoja wao alikuwa na mama.

Huenda msomaji akasema kwamba huku ni kuwasema Waarabu, na ya kuwa maadui wa Uislamu hupenda kuzisema nchi hizo. Tunaielewa hofu hiyo, na kwa sababu hiyo tunapenda kumwonyesha msomaji kuwa ugonjwa huu hauna dini wala kabila. Hadi Aprili 2012, mfanyakazi wa nyumbani aliyeingia Uingereza pamoja na mwajiri wake aliweza kubadilisha mwajiri na kuihuisha viza yake. Kisha sheria ikageuzwa, viza ikawa ya miezi sita tu, isiyohuishwa, iliyofungwa kwa mwajiri mmoja. Mwaka 2016 wakaruhusiwa tena kubadilisha mwajiri, lakini ndani ya miezi ile ile sita. Sasa ni nani atakayemwajiri mwanamke ambaye viza yake imebakiza wiki tano? Wauguzi na walezi wa wazee waliokwenda huko, na Wakenya wamo miongoni mwao, nao viza zao zimefungwa kwa kampuni iliyowadhamini. Kampuni ikinyang'anywa leseni kwa kuwadhulumu, wao ndio wanaopewa siku 60 wapate mdhamini mwengine au waondoke nchini. Huko Kanada nako, mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utumwa wa zama hizi, Tomoya Obokata, alizuru nchi hiyo na kuitazama hali ya wafanyakazi wa kigeni wa muda. Alisema waziwazi kwamba mpango wenyewe, kwa namna ulivyomfunga mtu kwa mwajiri mmoja, unatoa mwanya wa utumwa.

Kwa hiyo iwe Riyadh, London au Toronto, mwendo ni ule ule: kibali ni cha muda, na uhai wa kibali hicho umo mkononi mwa mwajiri. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake nambari 29 wa mwaka 1930, lilieleza kuwa kazi ya lazima ni ile itolewayo kwa mtu kwa kitisho cha adhabu, pasipo yeye kujitolea kwa hiari. Adhabu hiyo si lazima iwe kiboko. Mwajiri akisema, "Ondoka, uone kama polisi hawatakukamata," hicho ni kitisho kinachotosha. Makadirio ya shirika hilo ya mwaka 2021 yalionyesha watu milioni 27.6 walio katika kazi za lazima duniani, na kwamba mfanyakazi mhamiaji yumo hatarini zaidi ya mara tatu kuliko yule aliye katika nchi yake mwenyewe. Wahamiaji si wanyonge kwa maumbile. Unyonge huo wamepewa na karatasi.

Sasa turudi kwenye dini yetu, kwani hapa pana jambo linalotutia uchungu. Neno kafala ni neno tukufu. Katika fiqhi, kafili ni yule anayejitwika dhima ya mwenziwe. Mtume wetu (S.A.W.) ametubashiria kuwa kafili wa yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo jirani. Na katika Surat Aal Imran tunasoma kuwa Mwenyezi Mungu alimfanya Nabii Zakariyya kuwa mlezi wa Bibi Maryamu, na neno lililotumika lina mzizi huo huo. Kafala basi ni mtu mwenye nguvu kumsimamia asiye na nguvu, amtunze. Leo neno hilo hilo ndilo linalobeba utaratibu unaomfanya mgeni amwogope mlezi wake kuliko anavyomwogopa mwizi. Dhamana imegeuzwa kuwa pingu, na jina la ihsani likabaki limebandikwa juu yake.

Tukitaka kuona namna mgeni mwenye kuhitaji kazi anavyostahili kupokewa, tukisome kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat Al-Qasas. Nabii Musa aliingia Madyan akiwa mkimbizi. Hakuwa na jamaa wala chakula, na nyuma yake alikuwa amewaacha watu wanaomtafuta wamuue. Aliwanyweshea maji wanyama wa wale mabinti wawili bila ya kudai ujira, na baba yao akamwita ili amlipe. Zingatieni lililofuata. Nabii Musa alimweleza mzee yule habari zake zote. Maana yake ni kuwa mwajiri alijua siri ya mfanyakazi wake, na alijua kuwa huyu hana pa kurudi. Lau angekuwa mtu wa kudhulumu, silaha ilikwisha kuwekwa mkononi mwake. Angeweza kumwambia, "Fanya kazi nikupavyo, la sivyo nitampelekea Firauni habari kuwa uko hapa." Badala yake, neno lake la kwanza lilikuwa kumtuliza asiwe na hofu, kwamba ameokoka na watu madhalimu. Kisha akamtajia masharti bayana: miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni hisani yake mwenyewe. Akamweleza kuwa hakusudii kumtia katika mashaka. Na Nabii Musa akakubali kwa sharti kwamba muda wowote kati ya miwili hiyo atakaoutimiza, asionewe. Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi wa makubaliano yao.

Huo ndio mkataba wa mhamiaji katika Qur'ani. Muda unajulikana, masharti yanajulikana, udhaifu wa mgeni haukugeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia, na mlango wa kutokea umewekwa mapema. Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na ametufikishia kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu Siku ya Kiyama wa yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Yeyote anayezuia pasi au mshahara wa mfanyakazi, basi na ajue ni nani atakayesimama upande wa pili wa kesi.

Mama wa Kisauni alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo hatukuwa na jawabu lake jepesi: "Wanangu, mimi nayajua hayo. Lakini unga nao unanijua." Ni kweli. Hatuandiki haya tukiwa hatuijui njaa ya pwani hii. Tunawajua waliokwenda wakarudi salama, wakajenga nyumba ya mawe na kuwalipia wadogo zao karo. Tunajua vilevile kuwa serikali yetu iliwahi kupiga marufuku safari hizo, mwaka 2012 na tena 2014, na wako waliosafiri kwa njia za panya, ambako hakukuwa hata na mtu wa kuwauliza jina. Kwa hiyo hatusemi wasiende. Tunasema wasiende wakiwa wameshika makali peke yao.

Posa inapoletwa nyumbani kwetu huchunguza mpaka jirani wa saba. Huuliza kijana huyu ni mtoto wa nani, anaswali, anafanya kazi wapi, amewahi kuoa, alimwachaje yule wa kwanza. Tunatuma wazee, tunapiga simu Lamu na Unguja. Binti huyo huyo anapokwenda kuishi miaka miwili ndani ya nyumba ya watu tusiowajua, ng'ambo ya bahari, tunauliza mshahara tu. Basi na tuulize kama tunavyouliza katika posa.

Kwanza, tuhakikishe kuwa wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba upitie kwa maafisa wa kazi kabla ya safari. Wakala anayempa mtu siku mbili atie sahihi asichokielewa ana sababu yake. Mkataba usomwe katika lugha anayoijua msafiri, mbele ya mzazi au ndugu, na nakala moja ibaki nyumbani.

Pili, jina la mwajiri, mji, mtaa na nambari yake ya simu viandikwe. Pasi, viza na mkataba vipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu za watu wawili wa familia. Msafiri azikariri nambari mbili za simu za nyumbani, kwani simu yake inaweza kuchukuliwa, lakini kilichomo kichwani hakichukuliki.

Tatu, akishafika, familia iulize mapema kama ikama imetoka na itakwisha lini. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ukutani, kama tunavyoandika tarehe ya kufungua shule. Ikikaribia, aulize tena. Wengi hugundua kuwa kibali kimekufa siku wanapokamatwa.

Nne, kabla ya kuondoka, mama na binti wakubaliane neno la siri. Msichana anapopiga simu mbele ya bosi wake hawezi kusema "ninapigwa". Anaweza kuuliza, "Yule paka wa kijivu amerudi?" na mama akaelewa.

Tano, asikopeshwe kwa riba wala asiwekewe rehani hati ya nyumba kwa ajili ya safari. Deni ni mnyororo wa pili juu ya ule wa karatasi. Mwenye deni hukubali kudhulumiwa ili asije akarudi mikono mitupu.

Sita, dhuluma ikitokea, na iripotiwe mapema kadiri inavyowezekana, kabla ya mwajiri kuwahi kupeleka taarifa ya kutoroka. Ubalozi wetu uko Riyadh. Hapa nyumbani, familia isikae ikilia chumbani. Ipeleke nakala zake kwa ofisi ya kazi, kwa chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA, au kwa mashirika ya haki yaliyoko hapa Mombasa kama vile MUHURI na HAKI Africa. Ila maisha yakiwa hatarini, uhai ni kabla ya karatasi. Aondoke.

Tungependa kukomea hapo, lakini uaminifu unatulazimisha tuongeze jambo moja ambalo si jepesi kulisema.

Jioni ya siku ile, baada ya mama yule kuondoka, tulirudi nyumbani kwetu. Jikoni alikuwako msichana anayetusaidia kazi, mtu wa Tanga, aliyekuja kwetu mwaka jana. Tukakumbuka kabati la chumbani. Ndani yake, chini ya mashuka, mlikuwa na kitambulisho chake cha Tanzania, na ile hati ya muda iliyogongwa muhuri pale Lungalunga alipovuka mpaka. Tulivichukua siku alipofika, "kwa usalama," kama tulivyowaona mama zetu wakifanya. Tukaitazama ile hati. Siku zake zilikuwa zimekwisha kitambo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kwenda kuulizia namna ya kumpatia kibali, ingawa sheria inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mgeni anayemwajiri ana ruhusa ya kufanya kazi. Askari wangemkuta sokoni Marikiti, mhalifu angekuwa ni yeye mwenye kapu la mchicha. Sisi tungekuwa majumbani mwetu, tukisubiri futari.

Tulimwita tukampa vitu vyake. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Nimekosa nini?"

Alidhani anafukuzwa. Katika maisha yake, karatasi kurudishwa kulikuwa na maana hiyo tu.

Ndugu zetu, hatujapata usingizi mzuri tangu tuisikie sauti ile. Kwa muda wote huo tulikuwa makafili bila ya kujua, na wala si makafili wa aina aliyowabashiria Mtume (S.A.W.). Tulimlipa mshahara wake kila mwezi, hatukumpiga, alikula tulichokula. Tulijiona watu wema, na pengine tulikuwa watu wema. Lakini tulikuwa tumeshika mpini, naye alijua, na kila "ndiyo" aliyotuambia kwa mwaka mzima hatuna tena hakika nayo.

Basi wiki hii, kabla hatujaomba dua kwa ajili ya mabinti zetu walioko Arabuni, kila mmoja wetu na afungue kabati lake. Wako wasichana wa Tanga na Lushoto, wako wa Kwale na Kilifi ndani, wako wakimbizi. Tuwarudishie vitambulisho vyao. Tuandike makubaliano, hata kama ni katika ukurasa mmoja wa daftari: mshahara, siku ya kupumzika, na namna ya kuagana pande zote mbili zikitaka. Mgeni asiye na kibali tumsaidie kukitafuta, na gharama iwe juu yetu. Tuanze hapo, kwani hatuna uso wa kudai Riyadh kile tulichokikataa Kisauni.

Mama yule alirudi siku ya tatu. Alisema wakala alikasirika kwa maswali yake, akamwambia wasiotaka ni wengi na wanaotaka ni wengi zaidi. Binti yake hakutia sahihi siku ile. Ameupeleka mkataba kwa maafisa wa kazi na bado anasubiri. Pengine nafasi itampita, na pengine atakwenda. Akienda, pasi yake imo katika simu tatu za hapa Kisauni, na mama yake amekwisha kuchagua neno la siri. Hatulitaji hapa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti na vijana wetu walioko ugenini, awafungulie riziki ya halali karibu na makwao, awarehemu waliorudi ndani ya masanduku, na atujaalie tusiwe miongoni mwa wanaoshika haki za wenzao. Amin.

Wabillahi tawfiq.